Kanisa la Mtakatifu Klementi la Taüll: Jiwe, Chokaa na Picha Iliyobanduliwa Ukutani

Likitajwa kanisa la kale la Ulaya, fikra za wengi huelekea kwenye yale makanisa makuu ya mijini, yenye minara mirefu na madirisha ya vioo vya rangi, ambayo yalijengwa kwa fedha za wafalme na kwa kazi ya vizazi vingi. Makala hii inahusu jengo la namna nyingine kabisa. Ni kanisa la kijiji, lililojengwa kwa mawe ya mlimani na mbao za misitu ya jirani, katika bonde ambalo kwa karne nyingi lilifikiwa kwa njia za nyumbu tu. Kijiji chenyewe huitwa Taüll. Kiko katika bonde la Boí, kwenye milima ya Pyrenees, katika jimbo la Katalonia, kaskazini-mashariki mwa Hispania, kwenye kimo cha karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari.

Zipo sababu mbili za kulichagua kanisa hili miongoni mwa mamia ya makanisa ya aina yake. Kwanza, mtu akilichunguza kwa utulivu ataona ndani yake karibu mafunzo yote ya msingi ya elimu ya ujenzi kama ilivyokuwa katika karne ya 12: namna jiwe linavyobeba uzito, namna chokaa inavyogeuka kuwa jiwe tena, na namna rangi inavyoweza kudumu ukutani kwa miaka mia nyingi. Pili, mwanzoni mwa karne ya 20 picha zake zilibanduliwa ukutani na kupelekwa mjini Barcelona, na swali lililozushwa na tendo hilo lingali hai hadi leo: je, picha iliyochorwa kwa ajili ya ukuta fulani ni sehemu ya ukuta ule, au yaweza kutengwa nao kwa ajili ya usalama wake?

Mtindo na asili yake

Mtindo wa jengo hili huitwa Romaneski. Jina hilo halikutumiwa na waashi wenyewe. Lilipendekezwa mwaka 1818 na mwanazuoni wa Kifaransa, Charles de Gerville, aliyeona kuwa majengo ya karne za 11 na 12 yalifuata desturi ya Warumi wa kale ya kujenga kwa matao ya nusu duara. Jina liliingia likakaa, ingawa linaficha mambo mengi. Waashi wa Pyrenees hawakuwa wakiwaiga Warumi kwa makusudi. Walifuata ufundi ulioenea kutoka Lombardia, kaskazini mwa Italia, ukapita kusini mwa Ufaransa hadi Katalonia, ukichukuliwa na makundi ya mafundi waliosafiri kutafuta kazi. Alama za ufundi huo ni rahisi kuzitambua: mawe madogo yaliyochongwa kwa nyundo na kupangwa safu kwa safu, na nje ya kuta, chini kidogo ya paa, mfululizo wa matao madogo yasiyo na uwazi, yaliyounganishwa kwa vipande vyembamba vya ukuta vilivyosimama wima. Mapambo hayo hayana gharama kubwa, kwa kuwa hayahitaji mchongaji wa sanamu. Yanahitaji jua tu, ili vivuli vyake vionekane.

Msanifu na mwanahistoria wa Katalonia, Josep Puig i Cadafalch, ndiye aliyeutenga ufundi huu na kuupa jina la Romaneski ya Kwanza. Ni yeye pia aliyeongoza msafara wa wataalamu wa Taasisi ya Taaluma za Katalonia uliopanda katika mabonde haya mwaka 1907, ukipima makanisa na kuyapiga picha. Tutarudi kwenye msafara huo, maana matokeo yake yalikuwa makubwa kuliko walivyotazamia wenyewe.

Mtu anaweza kuuliza, ilikuwaje bonde maskini la wachungaji na wakulima likajenga makanisa mengi mazuri katika muda mfupi? Jibu linatafutwa katika vita. Bonde hili lilitawaliwa na mabwana wa ukoo wa Erill, nao walishiriki katika vita vya Alfonso wa Kwanza, mfalme wa Aragon, aliyeuteka mji wa Zaragoza mwaka 1118. Wanahistoria huuhusisha utajiri wa ghafla wa ukoo huo na ngawira za vita hivyo. Inafaa kulikumbuka jambo hilo tunapostaajabia utulivu wa jengo lenyewe.

Kwa bahati njema, tarehe ya kutabarukiwa kwa kanisa inajulikana bila kubahatisha. Juu ya nguzo moja paliandikwa kwa rangi habari kwamba mwaka 1123 Askofu Ramon wa Roda na Barbastro alilitabaruku kanisa hili kwa heshima ya Mtakatifu Klementi. Siku ilikuwa tarehe 10 Desemba. Kesho yake, tarehe 11, askofu huyo huyo alilitabaruku kanisa la pili la kijiji kile kile, la Mtakatifu Maria. Makanisa mawili kwa siku mbili, katikati ya majira ya baridi kali, katika kijiji kimoja cha mlimani! Kwa mtafiti, maandishi kama hayo ni hazina, kwa sababu majengo mengi ya zama hizo hukadiriwa umri kwa kulinganisha mitindo tu, na ulinganishi huo huweza kukosea kwa miaka hamsini bila mtu kujua.

Tao linalosukuma

Ramani ya kanisa ni sahili. Ni ukumbi wa mstatili uliogawanywa na safu mbili za nguzo za mviringo, ukawa na njia tatu, ya kati ikiwa pana kuliko za pembeni. Upande wa mashariki kila njia huishia kwenye shubaka la nusu duara lililofunikwa kwa nusu kuba. Wataalamu huliita apsi. Msomaji aliyewahi kuingia msikitini na afikirie mihrabu, lakini iliyo kubwa kiasi cha kuingiza altare na watu kadhaa waliosimama. Apsi ziko tatu, ya kati kubwa, mbili za pembeni ndogo. Kando ya apsi, upande wa kusini-mashariki, unasimama mnara wa kengele.

Nguzo zile za ndani ni nyembamba kwa kulinganishwa na nguzo za makanisa mengine ya wakati ule, na hazina vichwa vilivyochongwa. Ilikuwaje ziweze kubeba ukuta mzito ulio juu yake? Ili kulijibu swali hili hapana budi kueleza kwanza tabia ya tao.

Ukiegemeza mbao mbili vichwa kwa vichwa, zikawa mfano wa paa, utaona kuwa miguu yake hutaka kuteleza kwenda nje. Tao lina tabia hiyo hiyo. Haliangukii chini tu. Husukuma pembeni pia. Chukulia tao la nusu duara lililobebeshwa mzigo ulioenea sawasawa kutoka upande mmoja hadi wa pili, na uzito wote uwe tani 8. Kila mguu utapokea tani 4 zinazoshuka wima, jambo ambalo jiwe hulistahimili kwa urahisi. Lakini pamoja na hizo, kila mguu utasukumwa nje kwa kani ya mlalo ya takriban tani 2, yaani robo ya uzito wote. Tao likibanwa likawa bapa, kimo chake kikawa nusu ya kile cha awali, msukumo huo huongezeka maradufu na kufikia tani 4. Ndiyo sababu waashi wa kale walilipenda tao la nusu duara, na ndiyo sababu waliowafuata katika karne ya 12 na 13 walizidi kulichongoa kwenda juu.

Sasa tazama safu ya matao yanayofuatana. Tao la kwanza linaisukuma nguzo kuelekea mashariki, na tao la pili linaisukuma nguzo ile ile kuelekea magharibi. Misukumo miwili iliyo sawa hufutana. Nguzo ya katikati basi hubaki na kazi moja tu ya kubeba uzito unaoshuka, na kwa kazi hiyo haihitaji unene mkubwa. Msukumo usiofutwa hujikusanya kwenye ncha mbili za safu, nako upande mmoja kuna ukuta mzima wa magharibi na upande wa pili kuna uzito wa ukuta wa apsi. Mafundi wa Taüll hawakuwa na hesabu za kani. Walikuwa na mazoea na kamba ya kupimia, na pengine kumbukumbu ya kuta walizoziona zikipasuka.

Uamuzi wao mkubwa zaidi ulihusu paa. Mwendo mfupi kutoka Taüll, katika bonde hilo hilo, liko kanisa la Mtakatifu Felisi la Barruera, ambalo ukumbi wake umefunikwa kwa dari la mawe, mfano wa pipa lililokatwa kati kwa urefu. Dari la namna hiyo ni tao lililorefushwa, nalo husukuma kuta za pembeni kwa urefu wake wote bila kupumzika. Kuta lazima ziwe nene, madirisha yawe machache na madogo, na ukumbi uwe mwembamba. Huko Taüll waliliacha jiwe, wakaezeka kwa mbao na kufunika juu kwa mawe bapa yanayopasuka mfano wa vigae. Paa la mbao lililofungwa vizuri kwa boriti za mlalo halina msukumo mkubwa wa pembeni, na kwa hiyo ukumbi uliweza kuwa mpana na nguzo zikawa nyembamba.

Hasara yake inajulikana. Mbao huoza na huungua. Tena milimani kuna mzigo ambao sisi wa nchi za joto hatuujui, nao ni theluji. Theluji iliyoanguka karibuni huwa na uzito wa kilo 50 hadi 100 kwa mita moja ya ujazo, lakini ikilala siku nyingi na kujikandamiza hufikia kilo 200 au 300, na ikilowa huzidi. Paa la kijiji cha mita 1,500 lazima libebe mzigo huo kila mwaka, kisha libaki limelowa majira ya kuyeyuka. Kwa hiyo paa hili limetengenezwa tena na tena. Kanisa la mbao na mawe ni sawa na shamba: linadumu kwa sababu kuna watu wanaolirudia.

Jiwe walilibakiza mahali palipolistahili zaidi, juu ya altare. Nusu kuba ya apsi ni fupi, imekaa juu ya ukuta wa mviringo, na ukuta wa mviringo hauwezi kusukumwa nje kwa urahisi kama ukuta ulionyooka. Pia juu ya nusu kuba hiyo ndipo palipokusudiwa kuchorwa picha kubwa, na picha ya chokaa haiwezi kukaa juu ya mbao.

Mnara ni mraba, wenye ghorofa sita juu ya kitako chake. Chini ukuta umezibwa karibu wote. Kadiri unavyopanda, madirisha huongezeka, mawili mawili au matatu matatu, yakitenganishwa kwa vijiguzo vyembamba. Kwa njia hiyo uzito hupungua mahali ambapo upepo huusukuma mnara kwa nguvu zaidi, na sauti ya kengele hupata njia ya kutoka. Kwa macho yangu, huu ndio mnara mzuri kuliko yote ya bonde lile, ingawa wenyeji wa Erill la Vall, ng'ambo ya pili, wenye mnara wa ghorofa sita vilevile, hawatakubali.

Chokaa na rangi

Mawe ya kuta hizi yameshikamanishwa kwa chokaa, na juu ya chokaa ndipo zilipochorwa picha. Wasomaji wa mwambao wanaijua chokaa vizuri, kwa kuwa babu zao waliichoma kutokana na matumbawe, na Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ambao ujenzi wake wa mwanzo ni wa zama hizo hizo, ulisimamishwa kwa kemia ile ile iliyotumika milimani Pyrenees. Jiwe la chokaa, au tumbawe, ni kalsiamu kaboneti. Likichomwa tanurini hadi kufikia nyuzi 900 hivi za Selsiasi, hupoteza hewa ya kaboni dioksidi. Kilo 100 za jiwe safi hutoa kilo 56 tu za chokaa kali, na kilo 44 huruka hewani. Chokaa kali ikimwagiwa maji huchemka yenyewe na kuwa chokaa laini, yaani kalsiamu hidroksidi, ambayo huchanganywa na mchanga na kupakwa. Baada ya hapo, polepole, kwa miezi na hata miaka, huivuta tena kutoka hewani ile kaboni dioksidi iliyoipoteza, ikarudi kuwa kalsiamu kaboneti. Jiwe limefanywa unga, na unga umerudi kuwa jiwe katika umbo alilolitaka fundi.

Upole huo wa kuganda una faida yake. Ukuta mpya hujikalia na kusogea kidogo, na chokaa ambayo haijakauka sana hufuatana nao bila kupasuka. Saruji ya viwandani ni ngumu mno na huzuia unyevu kutoka, na kwa sababu hiyo kuzibia nyufa za jengo la chokaa kwa saruji huleta madhara. Ni kosa ambalo limefanyika Ulaya na limefanyika pia katika majengo ya kale ya pwani yetu.

Picha za fresko hutumia badiliko hilo hilo la kemia. Mchoraji hupaka rangi iliyokorogwa kwa maji matupu juu ya chokaa iliyo bado mbichi. Chokaa inapovuta hewa na kuganda, fuwele nyembamba za kalsiamu kaboneti huota juu ya uso wake na kuzifunga chembe za rangi ndani yake. Rangi haikai juu ya ukuta kama inavyokaa juu ya mlango. Huwa ngozi ya ukuta wenyewe. Sharti lake ni kwamba fundi afanye kazi upesi, sehemu kwa sehemu, kabla chokaa haijakauka. Viboko vya mwisho vilivyoongezwa baada ya kukauka hushikiliwa kwa gundi tu, navyo ndivyo hupukutika kwanza.

Rangi nyingi zilitoka katika ardhi. Nyekundu ni udongo wenye oksidi ya chuma. Ya kustaajabisha zaidi ni buluu. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa buluu ya picha za Pyrenees lazima iliagizwa kutoka mbali, kwa kuwa mawe ya buluu ni adimu na ghali. Uchunguzi wa maabara kwa mionzi ya eksirei umeonyesha kwamba katika picha nyingi za milima hii ilitumiwa aerinaiti, madini yanayopatikana katika milima hiyo hiyo ndani ya miamba ya volkeno ya kale iliyobadilika. Mtu fulani alilijua jiwe hilo, akalisaga, akawafundisha wengine.

Picha ya apsi

Jina la mchoraji halikuhifadhiwa. Huitwa Fundi Mkuu wa Taüll. Katika nusu kuba ya apsi ya kati alimchora Kristo ameketi ndani ya umbo la lozi, mkono wa kuume umeinuliwa, miguu ikikanyaga nusu ya tufe, na mkono wa kushoto ukishika kitabu kilichofunguliwa, chenye maneno ya Kilatini yasemayo kwamba yeye ndiye nuru ya ulimwengu. Pande zote kuna malaika na alama za wainjili wanne. Chini yake, ndani ya safu ya matao yaliyochorwa, wamesimama mitume pamoja na Maria, ambaye kwa mkono uliofunikwa kitambaa ameshika chombo kinachotoa miali. Juu ya tao la mbele yumo Mwanakondoo mwenye macho saba. Uso wa Kristo umejengwa kwa mistari iliyolingana kulia na kushoto kama mchoro wa jometri, na mikunjo ya vazi ni mistari mizito ya rangi iliyokoza pembeni na kufifia katikati. Hakuna kivuli cha mwili wala kina cha mandhari. Hata hivyo umbo lile kubwa, likichorwa juu ya uso uliobonyea, humwelemea mtazamaji aliye chini.

Pembeni, mahali pasipo pa heshima kubwa, yuko Lazaro maskini mlangoni kwa tajiri, na mbwa mwembamba akimlamba vidonda. Wachungaji waliosimama kanisani humo walimjua mbwa wa namna hiyo, na bila shaka walimjua tajiri pia.

Sasa tuangalie lililo muhimu. Apsi inatazama mashariki, na katikati ya ukuta wake, chini ya Kristo, pametobolewa dirisha dogo. Asubuhi jua huingia hapo likatua juu ya altare, moja kwa moja chini ya kitabu kinachotaja nuru. Mjenzi na mchoraji walifanya kazi moja. Ukiitoa picha, dirisha linabaki tundu. Ukiliondoa dirisha, maneno ya kitabu yanapoteza jibu lake.

Namna picha zilivyobanduliwa

Msafara wa mwaka 1907 ulifanya picha hizi zijulikane. Taasisi ilianza kuzichapisha kwa rangi, na wasomi wakafurahi. Lakini wafanyabiashara wa vitu vya kale nao husoma vitabu. Mwaka 1919 iligunduliwa kwamba picha za apsi ya kanisa la Mtakatifu Maria la Mur, kusini zaidi katika Katalonia, zilikuwa zimeuzwa, na mafundi wa Kiitaliano walikuwa wakizibandua ili zisafirishwe nje. Hapakuwa na sheria ya kuuzuia mauzo hayo. Picha hizo zilinunuliwa mwaka 1921 na Jumba la Makumbusho ya Sanaa la Boston, Marekani, na ziko huko mpaka sasa.

Bodi ya Makumbusho ya Barcelona, ambayo Joaquim Folch i Torres alikuwa mmoja wa watumishi wake wakuu, iliamua kununua picha zote zilizosalia milimani kabla wengine hawajazifikia. Ikawaajiri mafundi wale wale wa Kiitaliano, wakiongozwa na Franco Steffanoni, wazibandue kwa niaba ya Barcelona. Kazi iliendelea hadi mwaka 1923.

Ustadi wao huitwa strapo, neno la Kiitaliano lenye maana ya kunyofoa. Kwanza uso wa picha husafishwa. Kisha hubandikwa vitambaa vya pamba kwa gundi ya wanyama, ile inayopatikana kwa kuchemsha ngozi na mifupa, na ambayo huyeyuka katika maji ya moto. Gundi inapokauka hunywea kwa nguvu, nguvu inayozidi ule mshikamano ulioko kati ya ngozi ya rangi na chokaa iliyo nyuma yake. Kwa msaada wa visu vyembamba kitambaa huvutwa polepole, nacho huondoka na rangi ikiwa imegeuzwa nyuma mbele. Huviringishwa kama mkeka. Mizigo hiyo ilishuka mlimani juu ya migongo ya nyumbu. Barcelona, mgongo wa rangi ulipunguzwa na kusawazishwa, ukabandikwa kitambaa kipya kwa gundi ya kaseini, yaani ya maziwa, iliyochanganywa na chokaa, ambayo ikikauka haiyeyuki tena kwa maji. Kisha vitambaa vya mbele vikalowanishwa kwa maji ya moto vikatoka, na picha ikaonekana tena. Mwishowe iliwekwa juu ya kiunzi cha mbao kilichoundwa kwa mfano wa apsi, pamoja na mbonyeo wake na tundu la dirisha. Picha hizo zilionyeshwa kwa watu wote mwaka 1924, na mwaka 1934 zikahamishiwa katika Jumba la Kitaifa kwenye kilima cha Montjuïc, zilipo leo.

Je, ilikuwa haki? Wapo wanaoliita tendo hilo wizi uliofanywa na mji dhidi ya kijiji. Mimi nadhani watu wa mwaka 1919 hawakuwa na njia bora zaidi. Sheria haikuwapo, barabara haikuwapo, walinzi hawakuwapo, na mfano wa Mur ulikuwa mbele ya macho yao. Lakini kukubali hivyo hakutuzuii kuhesabu gharama. Niliiona picha kule makumbusho kabla sijapanda Taüll, nikaiona nzuri mno. Taa zimepangwa kwa ustadi, mwanga ni ule ule saa nne asubuhi na saa kumi jioni, na unyevu wa hewa hupimwa. Baadaye, nilipofika kanisani, nikatambua kuwa makumbusho yalikuwa yamenionyesha picha iliyo wima mbele yangu, ilhali ile ya kanisani ilitakiwa kuonekana mwisho wa mwendo, baada ya kuzipita nguzo katika giza kiasi. Nyuma ya tundu la dirisha kule makumbusho hakuna mashariki.

Gharama nyingine ililipwa na ukuta. Kwa wakazi wa Taüll yalibaki mawe na chokaa iliyochubuliwa. Mwaka 1959 apsi ilichorwa nakala ya picha ya awali, ili wanakijiji na wageni wapate angalau kuelewa kilichokuwapo. Nakala ilifanya kazi yake kwa zaidi ya nusu karne, ingawa rangi zake zilikuwa za mtu wa karne ya 20 aliyejitahidi kuwaza kama mtu wa karne ya 12.

Mwaka 2000 Shirika la UNESCO liliyaingiza makanisa tisa ya bonde la Boí katika orodha ya Urithi wa Dunia, kanisa la Mtakatifu Klementi likiwa mojawapo. Katika ukarabati wa miaka hiyo lilitokea jambo ambalo mafundi wa strapo wasingelishangaa. Strapo hunyofoa tabaka la juu tu, na mara nyingi chembe za rangi zilizozama ndani zaidi hubaki. Aidha, zipo sehemu ambazo hazikuguswa kabisa kwa kuwa zilikuwa zimefunikwa na chokaa ya baadaye. Chini ya chokaa hiyo ilionekana michoro ya asili, ikiwamo Kaini akimwua Abeli, ingali mahali pale ilipochorwa.

Kugunduliwa kwa masalia hayo kuliifanya nakala ya 1959 iwe tatizo, kwa maana ilikuwa imeyakalia. Iliondolewa, na tangu mwaka 2013 hutumiwa njia nyingine: projekta zilizofichwa humulika picha nzima, kwa vipimo vyake halisi, juu ya ukuta mtupu wa apsi. Kwa dakika chache mtazamaji huona mistari ya kwanza ikichorwa, rangi zikijaa, na Kristo akitokea na kitabu chake. Chokaa haiguswi na gundi wala rangi mpya. Sharti moja ni kwamba projekta hazishindani na jua, na kwa hiyo mwanga unaoingia ndani lazima uwe mdogo ili picha ya nuru ionekane. Onyesho likiisha, rangi hufifia juu ya ukuta, na mtu akisogea karibu na apsi huyaona yale mabaki ya kweli, madoa ya nyekundu na buluu yasiyozidi ukubwa wa kiganja hapa na pale, ambayo Steffanoni na wenzake hawakuweza kuyachukua.